Wakili aliyekuja nyumbani kuandika wosia wa baba: nyota nne, ya tano nimebaki nayo

Nawapa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimebaki nayo kwa sababu ya zabibu, na nikifika huko mtanielewa.

Ninaowazungumzia ni ofisi ya mawakili hapa Dodoma mjini, ofisi ndogo ya ghorofani yenye mawakili wawili na karani mmoja. Jina silitaji. Serikali imehamia huku, majengo yameota Ihumwa hadi Mtumba, lakini kwetu sisi wenyeji mji bado ni uleule wa kujuana. Nikiitaja ofisi tu, kabla ya jioni shangazi zangu wa Mvumi watakuwa wameshajua mzee anayesemwa ni nani. Huduma niliyolipia ni ya wakili kumfuata mgonjwa nyumbani, kuandika wosia wake, kusimamia sahihi za mashahidi na kuutunza. Bei ilikuwa shilingi 250,000, nusu siku ya kwanza na nusu siku ya kusaini, na humo mna safari mbili. Ya tatu unailipia, na mafuta juu.

Mdogo wangu wa Kizota alipoisikia hiyo bei alicheka. Akasema fomu ya wosia ipo steshenari, buku mbili, unajaza mwenyewe. Ni kweli ipo, na mimi nilikuwa nimeshainunua kabla sijawapigia mawakili. Ina mistari mitatu ya majina ya watoto. Sisi tulikuwa watatu. Baba angeijaza kwa dakika tano, angeweka sahihi yake ile yenye mkia mrefu, na kile alichokuwa amekificha tangu 1976 angekwenda nacho.

Baba alikuwa mtu wa reli. Aliingia genge akiwa kijana, enzi za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, kazi ya kukaza reli na kubadilisha mataruma. Jumuiya ilipovunjika 1977 akawa wa TRC, Shirika la Reli Tanzania, akapanda mpaka mnyapara, akastaafu. Mafao yakanunua shamba la zabibu Hombolo, ekari tatu. Saratani ya tezi dume ilipogundulika ilikuwa imeshafika mifupani, tukamrudisha nyumbani Chang'ombe na chupa za morfini ya maji. Hakuna aliyewaza habari ya siri. Mimi nilichotaka ni asiondoke bila wosia, maana mimi ni binti, na nazijua zile kanuni za mirathi za kimila zilizoandikwa 1963 zinavyotupanga: mtoto wa kiume wa kwanza fungu kubwa, wanaume wengine wanafuata, mabinti mwisho. Shamba la ukoo binti alitumie tu, asiuze. Hilo la kutouza Jaji Mwalusanya alilikataa kule Mwanza mwaka 1990, lakini hukumu ya Mwanza haijawahi kuhudhuria kikao cha ukoo Mvumi.

Alama ya kwanza waliipata kwenye simu. Wakili mwenyewe, dada wa miaka kama thelathini na kitu, hakuanza na mali. Aliuliza mzee anakunywa dawa saa ngapi, na ni saa ngapi akili yake inakuwa imechangamka zaidi. Akauliza kama anajua kusoma na kuandika, anaishi na nani, na kama daktari wake anaweza kutoa barua kwamba ana akili timamu. Hiyo barua nilidhani ni urasimu. Siku ile mdogo wangu aliposema mbele ya watu kwamba "mzee alikuwa amelewa dawa", barua ilitolewa kwenye bahasha na maneno yakaishia hapo.

Alama ya kwanza kupungua ni kuchelewa. Tulikubaliana saa tatu asubuhi, kwa sababu ndiyo saa ya baba, akafika saa nne na nusu. Mahakamani, alisema. Naelewa mahakamani, lakini mtu mwenye maumivu ya mifupa akikupangia saa yake nzuri, uiheshimu. Baba naye hakusema kitu. Alikuwa amenyolewa, amevaa shati jeupe, amekaa kitandani ameegemea mito.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye wakili? Nilidhani wakili ni mtu mzima."

"Mtu mzima yuko ofisini mzee, amenituma mimi mwenye miguu."

Baba akacheka, jambo ambalo lilikuwa limeadimika. Kisha yule dada akatugeukia, akaomba abaki na mzee peke yake. Mdogo wangu akasema hapana, sisi ndio watoto wake. Akajibiwa, "Ndiyo maana." Tukatoka. Tulikaa nje chini ya mwarobaini muda mrefu, upepo wa Dodoma unatujaza vumbi, mama yuko jikoni anachambua mlenda, karani amekaa mlangoni mwa chumba mithili ya askari wa benki. Nilikuwa nimelipa mimi, na nilikuwa nimewekwa nje mimi.

Yaliyosemwa ndani niliambiwa baadaye na baba mwenyewe. Wakili hajawahi kunieleza hata neno moja, mpaka leo, ingawa nimemchokoza zaidi ya mara moja.

Hakumwuliza ana watoto wangapi. Alimwomba amtajie stesheni zote alizowahi kufanya kazi, kwa mfuatano wake, na kila stesheni amtajie aliyekuwa anampikia. Nimeshawahi kukaa na watu wengi wanaohojiwa, wa sensa, wa TASAF, wa mikopo, sijaona swali zuri kama hilo. Mzee wa reli ukimwuliza stesheni amekuwa wako. Akaanza: Gulwe, pale nilijipikia. Igandu, tulikuwa vijana watatu, tulipika kwa zamu. Kikombo. Kigwe, pale nilioa, 1973, tukafunga ndoa kanisani, akapika mama yao. Halafu wakampeleka magharibi, mama akabaki Kigwe na mimi mchanga mgongoni. Bahi kidogo, Kintinku kidogo, Manyoni.

"Baada ya Manyoni, mzee?"

"Itigi."

"Itigi nani alikupikia?"

Baba aliomba maji. Anasema yule binti alimpa maji, akachukua kikombe, akakaa, wala hakuandika kitu. Hakumsaidia na hakumharakisha. Ndipo akamtaja. Mwanamke mmoja wa palepale Itigi, na mtoto wa kike aliyezaliwa 1976, miaka miwili nyuma yangu mimi.

Hapo mawakili wengi wangeandika jina la nne, wakasainisha, wakaondoka na nusu ya pili ya hela. Huyu alifunga daftari. Alimwambia baba hivi, na haya maneno baba aliyarudia kwetu neno kwa neno, kwa sababu yalimchoma: "Mzee, nikiandika leo, nitakayesoma ni mimi, kwenye kikao baada ya matanga, na wewe hutakuwepo kujibu. Unataka wayasikie kwangu au kwako? Na yupo mmoja anayetakiwa kusikia kabla ya watoto." Akaaga, akasema safari ya pili ipo kwenye ada ileile, atakuja akiitwa.

Kwa hilo peke yake 250,000 yangu imerudi.

Mama aliitwa chumbani jioni ile. Mlango ulikuwa umerudishwa tu, na mimi nilikuwa koridoni na ndoo ya maji ya kumwogeshea, kwa hiyo nilisikia. Baba aliongea kwa Kigogo, taratibu, sauti ya mtu anayesoma barua ya kufukuzwa kazi. Mama hakulia. Aliuliza swali moja: mtoto alisoma? Baba akasema alisoma mpaka la saba, hela ya sare na madaftari alikuwa anaituma kwa mkono, na rafiki yake mmoja wa kwenye treni za mizigo.

Kimya. Halafu mama akasema, "Kwa hiyo ndiyo yale mabati."

Lazima nieleze. Miaka ya themanini sisi tulikaa kwenye tembe Kigwe, udongo juu, mvua ikinyesha tunahamisha vyombo, na kila mwaka baba alisema mabati yanakuja mwakani, shirika limechelewesha mshahara, kuna makato. Mabati hayakuja. Mama alikuwa amebeba hesabu ya yale mabati miaka yote hiyo, na katika dakika moja hesabu ikafungwa. Wiki iliyofuata alilala chumbani kwangu. Dawa za baba alizipeleka kwa saa yake bila kukosa hata tone, ila akishampa anatoka.

Sisi tuliambiwa Jumapili. Kitinda mimba wetu, ambaye yuko Dar es Salaam, alisikilizia kwenye simu, spika imewekwa juu ya kitanda. Mdogo wangu wa Kizota ndiye aliyesimama. Akasema tupimwe vinasaba. Akasema mengine pia ambayo baba yake hakustahili kuyasikia katika hali ile.

Wakili aliporudi safari ya pili, hii mara alifika kwa wakati, alianza na hilo la vinasaba, na hapa ndipo nilipoona kwamba dada huyu anajua kazi yake. Alisema kipimo hakifanyiki kwa sababu ndugu wamekasirika. Tangu sheria ya 2009 kinapitia Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, kwa maombi ya mamlaka zinazotambuliwa, mahakama, polisi, ustawi wa jamii, wakili. Yeye angeweza kuandika hayo maombi. Lakini akamwuliza mdogo wangu: kwa ajili gani? Bila wosia damu ingekuwa na kazi, na hata hivyo ingemfikisha mahali pagumu, maana kanuni za 1963 mtoto wa nje ya ndoa hazimpi fungu upande wa baba asiyeacha wosia. Kwenye wosia mzee hagawi damu, anagawa mali. Mali aliyoinunua mwenyewe anaweza kumwachia hata jirani aliyemchotea maji, mradi hajawanyima warithi wake. Kinachotakiwa ni jina, na mali iliyotajwa ikaeleweka. Mdogo wangu alikaa. Sijui kama alikubali, ila alikaa.

Baba naye, kwa hasira za siku ile, akanyoosha kidole: "Huyu mfute." Yule dada hakushtuka. Akamweleza kwamba kumnyima mtoto urithi kimila kunahitaji sababu nzito iandikwe wazi, kama kumdhuru mzazi au kumtelekeza kwenye ugonjwa na njaa. Kudai vipimo si mojawapo. Baba alitazama dirishani. "Basi mwache. Ila usimpe lile trekta." Hatuna trekta. Lilikuwa power tila moja bovu. Likaandikwa.

Kingine nilichokipenda ni alivyochambua kipi ni cha mzee na kipi si chake. Baba alianza, "Nyumba yangu ya Chang'ombe..." na wakili akamkatisha kwa adabu, akamgeukia mama, akamwuliza hii nyumba imejengwaje. Mama alikuwa hajafungua mdomo mbele ya baba tangu lile la mabati. Akasema msingi ni kuku wa Saranda. Tulipohamia Saranda yeye aliuza kuku dirishani kwa abiria wa treni ya Kigoma, mnaosafiri zamani mnakijua kile kituo, na hela ilikaa kwenye kopo la Blue Band. Kuta ni za baba. "Na mabati niliyanunua mimi. Mabati ya nyumba hii sikungoja ya mtu." Hapo ndipo nilipomwona baba anafuta uso. Wakili akaandika. Akaeleza kwamba Sheria ya Ndoa ya 1971 inatambua mali iliyochumwa na wawili, hivyo mzee anausia sehemu yake tu, na ya mama haiingii kwenye karatasi hii kabisa. Kama kuna akina mama wanasoma hapa na waume zao wanaandika wosia wenye maneno "nyumba yangu", hilo swali liulizwe kabla wino haujakauka.

Kuhusu sheria ipi itumike alituuliza maswali ambayo sikuyatarajia kwa familia ya Kianglikana. Mahari ilitolewa? Vikao vya ukoo mnakwenda? Mgonjwa akifariki anazikwa kwa utaratibu gani? Nchi hii mirathi ina njia tatu: ya mila, ya Kiislamu, na ile ya kiserikali ambayo hadi leo inategemea sheria ya India ya mwaka 1865, na msione ajabu. Kuwa Mkristo peke yake hakukutoi kwenye mila, wanaangalia ulivyoishi. Kwa hiyo aliandika wosia utakaosimama pande zote. Mashahidi walikuwa wawili wanaojua kusoma na kuandika, mmoja wa ukoo, ambaye ni baba mdogo wa Mvumi, na mmoja mtu baki, mwalimu mstaafu jirani yetu, wote si warithi. Mama naye aliwepo. Mchungaji alitaka kuwa shahidi pia, akaambiwa kwa upole kwamba maombi yanatosha.

Baba aligawa hivi, nitapita haraka maana mengine ni ya ndani. Shamba la ukoo Mvumi lisiguswe, litumiwe na wote, na mimi nikiwemo kwa jina. Ekari mbili za Hombolo kwetu watatu. Ekari ya tatu, ile ya upande wa bwawa, kwa binti wa Itigi. Aliweka sahihi yenye mkia, na dole gumba juu yake kwa sababu mkono ulikuwa unatetemeka. Wakili alituambia wosia unaweza kutunzwa RITA (wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini), mahakamani, benki au kwake. Tukaacha kwake, nakala moja ya lakiri kwa mama.

Dada yetu alikuja wiki hiyohiyo. Nilimfuata stendi ya Nzuguni. Alikuja na dumu la asali ya Itigi na mtoto wake wa mwisho, akashuka, nikamjua kwa kidevu. Sitaandika zaidi kuhusu siku tatu alizokaa na baba. Si sehemu ya huduma. Niseme tu mama alimpikia ugali wa uwele na mlenda, akamwuliza tena mwenyewe, uso kwa uso, alisoma wapi.

Baba alifariki mwezi wa tano.

Sasa malalamiko. La kwanza ni jina, na hili ni kosa la ofisi, sio letu. Baba alimtaja mtoto wake kwa jina alilomjua nalo utotoni, jina la bibi, na ubini wake yeye. Wakaandika hivyohivyo. Kitambulisho cha NIDA cha dada kina jina la ubatizo na ubini wa mjomba wake aliyemlea. Tulipofungua shauri Mahakama ya Mwanzo, na hati ya kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo na wosia, hakimu akauliza swali moja tu: huyu anayetajwa hapa na huyu aliyesimama mbele yangu ni mtu mmoja? Tukarudishwa. Kikatafutwa kiapo cha majina, na baba mdogo akaja kutoka Mvumi kuthibitisha. Simu moja ya kwenda Itigi wakati wosia unaandikwa ingemaliza hayo yote. Namba ya dada walikuwa nayo. Na kile kiapo walitaka kunitoza. Nikakataa, karani akapandisha ngazi kuuliza, akarudi akasema basi. Nakala za wosia nazo walinitoza, shilingi mia tano kila ukurasa, wakati mashine ya fotokopi iko chini ya jengo lao kwa mia.

La pili ni zabibu. Anayelima zabibu Dodoma anajua tunavuna mara mbili kwa mwaka, na mvuno wa mwezi wa nane na wa tisa haumngoji mtu. Wosia unasema "shamba la zabibu ekari tatu". Hausemi chochote kuhusu zabibu zilizomo shambani siku mzee anafariki, wala deni la pembejeo, wala nani anaamua kuuza wakati tangazo la mirathi limebandikwa mahakamani na msimamizi hajateuliwa. Baba alifariki mizabibu imeshapogolewa, ikachipua, ikaweka maua, na mwezi wa nane vichala vimeiva tangazo bado liko ukutani. Kisheria hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kuuza hata kilo. Ekari ya dada ilikuwa na mzigo mzuri kuliko zetu, na dawa ya ukungu ya ekari ile alikuwa ameinunua yeye, kwa hela ya asali, kwa kuwa baba alikwisha kumwonyesha mipaka. Mdogo wangu akasema mazao yaliyokutwa na kifo ni ya mirathi yote, yagawanywe wanne, dawa ni kujitolea.

Nikampigia wakili. Alikuwa mwepesi wa kupokea, nampa hiyo. Akasema kaeni kikao, mkubaliane nani auze, pimeni kila ekari peke yake, andikeni kila kilo na kila gharama, hela ikae pamoja, isigawanywe mpaka msimamizi ateuliwe, maana atatakiwa kuwasilisha hesabu ya mali na madeni mahakamani ndani ya miezi minne. Ushauri mzuri, ila ulikuwa wa wosia, si wa simu. Mtu anayefanya kazi ya mirathi Dodoma, kwa wateja nusu yao wana mizabibu, anatakiwa kuwa na kipengele cha mazao yaliyo shambani alichokikariri. Nilimwambia hivyo. Akanyamaza kidogo, akasema ataingiza kwenye fomu yao. Aingize.

Tuliuza. Tulipima ekari moja moja, mimi na daftari, mdogo wangu na mizani yake mwenyewe kwa sababu ya kwangu haiamini, dada anahesabu kreti, mnunuzi amekaa kwenye fuso anatushangaa. Sehemu kubwa ilikwenda kwa mchuuzi wa kiwanda kwa bei yake, maana zabibu za mvinyo ukizikosea siku mbili zinakuwa za ndege. Hela ikaingia kwenye akaunti ya mama. Msimamizi aliteuliwa baada ya tangazo kuisha, ni mimi, na kwenye hesabu niliyowasilisha gharama ya dawa ya dada ilirudishwa kwanza, kisha salio la ekari yake likaandikwa lake. Mdogo wangu alikuwa na haki ya kupinga mbele ya hakimu. Aliulizwa, akasema hana pingamizi. Power tila bovu aliomba alichukue, na dada, ambaye limeandikwa jina lake, akampa.

Kwa hiyo kama mzee wako anaumwa na unafikiria kuwaita watu wa namna hii, iwe ofisi niliyoitumia au nyingine, wape vitambulisho vya kila anayetajwa, hata kama anakaa mbali na hata kama ndiyo kwanza mmemsikia. Waambie kuna mazao gani shambani na yanaiva lini, na deni la nani. Ulizia nakala ni bei gani kabla hujalipa nusu ya kwanza. Ukiambiwa utoke chumbani, toka. Na usiwapigie Jumatatu asubuhi, wote wanakuwa mahakamani. Karani anapokea, lakini karani hana anachoweza kukujibu zaidi ya "wakili atakupigia", na atapiga kweli, saa kumi na moja jioni.